Uso wa sanamu katika foto

Katika parokia zetu za Ituri foto za sanamu zinapigwa karibu kila siku: kwa karatasi za novena, kwa kalenda, kwa mafundisho ya katekisimu, na sasa zaidi kwa simu, kusudi zitumwe kwa jamaa na rafiki. Nyingi hazina uhai. Msulubiwa anaonekana kama mtu aliyelala usingizi, na Mama wa Mateso kama mama aliyechoka kungoja wanunuzi sokoni. Watu wanasema: sanamu ni mbaya. Mara nyingi sanamu haina kosa. Fundi aliyeichonga alitia huzuni ndani yake, lakini mpiga foto alisimama pahali pasipofaa, tena kwa saa isiyofaa.

Tuanze na pahali pa kusimama. Sanamu nyingi za kanisa zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayepiga magoti chini yake. Fundi anajua kwamba itawekwa juu, na juu ya hiyo anainamisha kichwa na kushusha macho. Anayepanda ngazi ili apige foto uso kwa uso ataona kope tu. Ashuke, apige magoti pale wanapopiga magoti wakristu, na macho yale yatakutana na yake. Kwa Msulubiwa kuna jambo moja zaidi. Kwa desturi kichwa chake kimeangukia bega lake la kuume, ni kusema upande wa kushoto wa mtu anayemtazama. Anayesimama upande wa pili anapata nywele na miiba. Basi tujongee kushoto hatua mbili tatu, kioo cha mashine kikitazama juu kidogo: hapo uso unafunguka.

Lakini kanuni hii si sheria ya Musa. Michelangelo alimaliza Pietà yake mwaka wa 1499, Bikira akimpakata Mwanawe aliyekufa. Mtu anayesimama mbele yake katika Basilika la Mtakatifu Petro anaona vema uso wa Mama. Uso wa Yesu umelala nyuma, kutoka chini hauonekani sana. Mwaka wa 1964 sanamu ilipelekwa New York kwa maonyesho ya dunia, na huko Robert Hupka akaipiga foto maelfu, mchana na usiku, hata kutoka juu. Zile za kutoka juu zikaonyesha uso wa Bwana ambao mahujaji hawakuweza kuutazama hivi. Tarehe 21 Mei 1972 mtu mmoja aliipiga sanamu kwa nyundo, akavunja mkono wa Bikira na kuharibu pua yake. Mafundi waliitengeneza, na tangu hapo inakaa nyuma ya kioo, mbali na watu.

Tutazame pia Unguja. Kando ya kanisa kuu la Waanglikana, pahali palipokuwa soko la watumwa, kuna sanamu za watumwa zilizotengenezwa na Clara Sörnäs wa Sweden mwaka wa 1998. Zimewekwa ndani ya shimo, na minyororo shingoni. Mgeni anasimama ukingoni, anainamisha simu, anapiga. Katika foto yake watumwa ni wadogo, nao wanaonekana kama vile mnunuzi alivyowaona. Anayechuchumaa mpaka mashine ikaribie usawa wa nyuso anapata watu. Kwa hiyo tunasema kwamba pahali pa kusimama si jambo la ufundi tu.

Sasa mwangaza. Bunia iko karibu kabisa na nyuzi 30 za mashariki, ambazo saa yetu inahesabiwa kwazo. Kwa hiyo saa sita ya mchana jua liko juu kweli, si kwa saa ya ukutani tu. Saa hiyo paji la uso linatupa kivuli juu ya macho, na sanamu iliyo nje inakuwa fuvu. Inafaa kungoja kabla ya saa tatu ya asubuhi au baada ya saa kumi, jua linapokuja kwa ubavu na kila kunjo linasema. Siku ya mawingu ni nzuri kwa nyuso za upole, maana kivuli kinalainika. Ndani ya kanisa tufungue mlango mmoja, tufunge mwingine. Taa ya mashine yenyewe tuiache: inafuta vivuli vyote, na pasipo kivuli hakuna huzuni.

Mafrateri wajaribu hivi usiku: wazime taa, wachukue tochi, waizungushe polepole mbele ya sanamu. Kutoka juu, uso una amani. Kutoka ubavuni, una mateso. Kutoka chini, kama mishumaa inavyofanya, unatisha, kwa sababu hatukuzoea mwangaza utokao ardhini.

Mti mweusi una shida yake. Mashine inataka kila kitu kiwe na mwangaza wa kadiri. Ikiona ukuta mweupe nyuma ya sanamu, inapunguza mwangaza, na Kristu anabaki kivuli. Katika simu, gusa uso wa sanamu kwa kidole, mashine ipime hapo. Kiisha mtu ashike shuka nyeupe upande wa giza, irudishe mwangaza. Shuka ya kitanda, tafadhali, si kitambaa cha altare.

Maua ya plastiki, nyaya na vipaza sauti, tuviondoe au tujongee karibu zaidi. Lakini tusikate mikono. Katika Pietà, mkono wa kushoto wa Mama, uliofunguka, unasema kupita midomo yake.

Kuna hatari moja ambayo katekista anapashwa kuijua. Rangi yenye kung'aa, ikipigwa na mwangaza wa ubavu, inafanya alama chini ya jicho kama chozi. Foto ikitumwa usiku, asubuhi kijiji kizima kinasema sanamu inalia. Kwa mambo ya namna hiyo Roma ilitoa kanuni mpya tarehe 17 Mei 2024: askofu ndiye anayechunguza, naye anapeleka neno lake kwa Dikasteria ya Mafundisho ya Imani. Foto yenye alama hiyo isitumwe; ipigwe tena kutoka upande mwingine. Na kuongeza machozi kwa kompyuta ni uongo mtupu.

Mwisho, foto ya sala si foto ya daftari. Kanuni 1283 ya Sheria ya Kanisa inadai orodha ya vitu vya thamani, na katika vita vya Ituri tumeona namna vitu vya misioni vinavyoporwa. Kwa orodha hiyo tusitafute huzuni wala furaha: sanamu nzima, mbele na nyuma, mwangaza wa wingu, rula kando yake, na nyuma ya karatasi jina la kanisa na tarehe.