Kufika kwenye mkutano wa watafiti bila kufilisika

Wengi wenu mmekwisha kutembelewa na watafiti. Wanakuja kambini, au kwa familia zilizowapokea, wakiwa na daftari na maswali: mlikimbia lini, shamba limebaki mikononi mwa nani, nani anawasuluhisha mnapogombana. Miezi mingi baadaye majibu yenu yanasomwa katika mkutano wa vyuo vikuu, na kutokana nayo mashirika na serikali huamua mambo ya kurudi nyumbani na ya ardhi. Mara nyingi hakuna hata mkimbizi mmoja chumbani. Viongozi kadhaa wametuuliza: kufika huko ni gharama gani, na inaweza kupunguzwa namna gani?

Kwanza tuseme mkutano huo ni kitu gani. Wataalamu wanakutana kwa siku tatu au nne, na kila mmoja anapewa kama dakika 15 au 20 za kueleza alichokikuta, kisha maswali. Anayetaka kusema hutuma muhtasari wa ukurasa mmoja, miezi mingi kabla. Kuna ada ya kujiandikisha, na watu wengi huishia hapo: wanaiona ada, wanakata tamaa. Lakini ada ndiyo gharama iliyo rahisi kuondoa. Mikutano mingi ina bei ya chini kwa wanaotoka nchi maskini, na mingine husamehe kabisa, ila ni lazima kuomba kabla ya kujiandikisha. Aliyekwisha kulipa ni vigumu kurudishiwa.

Mzigo wenyewe uko kwenye hati na safari. Pasipoti ya Kongo iliwekewa bei ya dola 185 mwaka 2015. Mwaka 2020 ikashushwa hadi dola 99. Hata hivyo zilibaki pesa nyingi kwa mtu aliyeacha ng'ombe na nyumba. Basi, kabla ya kuitafuta, ulizeni mkutano uko wapi. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka 2023 Kenya iliwaondolea Wakongo visa. Mkutano wa Nairobi au Kampala una gharama ndogo sana ukilinganisha na ule wa Brussels, na wataalamu ni walewale. Chama cha kimataifa cha watafiti wa mambo ya uhamiaji wa lazima kilikutana Kampala mwaka 2011. Ulikuwa karibu na Kivu kuliko Kinshasa.

Ikiwa ni Ulaya, jueni jambo moja ambalo halitangazwi sana. Visa ya Schengen, inayotumika Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani na nchi nyingine nyingi, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukikataliwa pesa hairudi. Lakini kanuni zao zinawasamehe ada hiyo watafiti wanaokwenda kwenye mkutano wa kisayansi. Zinawasamehe pia wajumbe wa mashirika yasiyo ya faida wenye umri wa miaka 25 au chini, wakienda kwenye mkutano ulioandaliwa na shirika lisilo la faida. Kwa hiyo kijana wa kamati ya kambi anaweza kupita bila ada mahali ambapo rais wa kamati, mwenye miaka 50, atalipa. Barua ya mwaliko iandikwe wazi kwamba ni mkutano wa kisayansi, na itaje kazi utakayoifanya pale. Kituo kinachopokea maombi kinaweza kudai malipo yake ya huduma, na hayo hayasamehewi kwa kanuni hiyo. Kwa mtu wa Kivu kuna pia safari ya kwenda Kinshasa, ambayo peke yake inashinda visa.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo inawala watu pesa bure. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, kadi hiyo inatumika maisha yote, hata ile iliyoandikwa kwamba inaisha baada ya miaka 10. Anayekuambia uilipie upya mpakani, mwonyeshe tarehe ya chanjo na ukatae kwa upole.

Ndugu zetu walio Uganda, Tanzania au Burundi kama wakimbizi wasikimbilie pasipoti ya Kongo, kwa sababu kuichukua kunaweza kuwaharibia hadhi yao ya ukimbizi. Mkataba wa mwaka 1951 unawapa hati yao ya kusafiria, na unasema bei yake isipite bei ya chini kabisa ya pasipoti za wenyeji wa nchi inayoitoa. Wale waliohama ndani ya Kongo na kupoteza vitambulisho njiani wanalindwa na Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998: wakuu wanapaswa kuwasaidia kupata vingine, bila kuwalazimisha kurudi walikokimbia ili kuvichukua.

Sasa, nani alipe? Sisi tunasema wazi: kambi isichangishwe. Tunajua furaha ya kumtuma mtu wenu, lakini franka za unga zisigeuke tiketi. Mtafiti anayekuja kwenu ana mradi, na mradi una bajeti. Safari yake mwenyewe kwenda mkutanoni imekwisha kuandikwa humo. Yenu haimo kwa sababu hakuna aliyeidai wakati bajeti inaandikwa. Basi siku anapokuja na karatasi yake ya kuomba ruhusa ya maswali, kamati imuulize: matokeo yatasomwa wapi, nani wa huku atakuwepo, na pesa yake imewekwa wapi? Mwaka 2020 watafiti wa Bukavu na wenzao walichapisha kitabu, La Série Bukavu, wakieleza jinsi wanaokusanya habari huku wanavyosahauliwa pale matunda yanapogawanywa. Kama wao, wenye diploma, walisahauliwa, mkimbizi asiyeuliza atapata nini?

Mkikubaliwa, msikubali neno la "mtarudishiwa mkirudi". Mwombe waandaaji wanunue tiketi na kulipa hoteli wenyewe, na posho itolewe siku ya kufika. Kukopa dola mia nane kwa riba, ukingojea miezi miwili, ni njia ya kuuza mabati ya familia.

Na si kila mara lazima kusafiri. Mwaka 2021 chama hichohicho kilifanya mkutano wake kwa njia ya intaneti, mwenyeji akiwa Chuo Kikuu cha Ghana. Chuo kikuu cha mjini kinaweza kuwapa chumba na umeme kwa saa mbili. Mwombe waandaaji walipie mega. Mahali ambapo mtandao ni dhaifu, tumeni sauti iliyorekodiwa kwa Kiswahili pamoja na tafsiri yake, ichezwe katika dakika zenu. Kabla ya kuituma, kubalianeni kama jina la msemaji na la kijiji vitatajwa, kwa kuwa ratiba ya mkutano husomwa na watu wengi, wenye silaha pia.