Injini Iliyofungiwa Hupumua Pumzi Yake

Saa nane mchana, bodaboda imepiga mshikaki kutoka Ibadakuli kwenda Shinyanga mjini, na gunia la mpunga juu ya tangi. Injini yake haina rejeta wala feni, lakini inafika salama. Sasa chukua injini ya petroli ya nguvu kama hiyo, ifungie ndani ya bati lililokunjwa na kupakwa rangi hadi likafanana na kichwa cha treni, kisha ivute mabehewa mawili ya watoto bustanini. Haitachukua muda itaanza kukosa nguvu, na ukiizima itagoma kuwaka.

Wapenzi wa treni ndogo huko Uingereza, wenye reli za upana wa inchi saba na robo (milimita 184), wanalijua tatizo hili vizuri. Kwetu linakuja kwa sura nyingine. Kiberenge cha kukagulia reli kikijengewa kibanda juu ya injini, kinaugua ugonjwa huohuo. Jenereta ya dukani iliyofichwa ndani ya sanduku la mabati kwa kuogopa wezi na kelele, nayo ni vilevile.

Kwanza hesabu. Injini ndogo inayotoa kilowati 3 za kazi huchoma petroli yenye nishati ya kilowati 12 hivi. Zile 9 zilizobaki ni joto: sehemu kubwa inatoka na moshi wa ekzosi, na takriban 4 hupitia kwenye chuma cha silinda na kichwa chake. Hizo 4 ndizo mapezi ya injini yanatakiwa kuzikabidhi kwa hewa. Ukikubali hewa ipande nyuzi 40 inapopita kwenye mapezi, unahitaji lita 100 za hewa kila sekunde. Si kidogo. Vitobo vitatu vya drili ubavuni mwa boneti havitoshi kabisa.

Bodaboda hupata hewa hiyo bure kwa sababu iko uchi na inakimbia. Treni ya bustani inatembea mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na upepo wake ni hafifu mno kusukuma chochote kupita kwenye mapezi. Ndiyo maana injini za pampu na jenereta zina mabawa kwenye flaiwili, na bati la kufunika linaloongoza upepo hadi kwenye silinda. Bajaji zinazopozwa kwa hewa nazo zina feni, maana injini yao imekaa nyuma, imejificha. Fundi anayeling'oa bati lile “ili injini ipate hewa” anaiua: feni itabaki inapuliza ovyo, na silinda haipati kitu.

Basi kama feni ipo, kwa nini injini ya ndani ya boneti ichemke? Kwa sababu feni haichagui hewa. Kama hewa iliyotoka kwenye mapezi haina njia ya kwenda nje, inazunguka na kurudi mdomoni mwa feni, kama mtu aliyelala kajifunika shuka gubigubi. Kila mzunguko inaongezeka joto. Kipimo chake ni rahisi: weka kipimajoto pale feni inapovutia. Kikisoma nyuzi 20 zaidi ya hewa ya nje, usihangaike kubadili oili wala plagi. Tatizo ni njia ya hewa.

Dawa ni kutenga vyumba viwili ndani ya boneti kwa kipande cha bati: upande wa feni uvute kutoka nje tu, upande wa mapezi utoe nje tu. Tundu la kutokea liwe kubwa kuliko la kuingilia, kwa kuwa hewa iliyopanda kutoka nyuzi 30 hadi 70 hutanuka kwa asilimia 13 hivi. Wengi hutoboa juu wakitegemea joto lipande lenyewe. Linapanda, ila kwenye boneti ya nusu mita msukumo wake ni mdogo sana ukilinganisha na wa feni. Ekzosi itoke nje moja kwa moja, na kipande kilicho ndani kizungushiwe kitambaa cha kuzuia joto. Moshi wake una kaboni monoksidi, inayoua bila harufu. Kwa sababu hiyo pampu ya maji yenye injini ya petroli haifai kushushwa kwenye shimo la dhahabu, hata kwa dakika chache.

Shinyanga ina mambo yake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo feni ileile inabeba joto pungufu. Injini nayo inapoteza nguvu kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo hasara inapungua kidogo. Kibaya zaidi ni vumbi la kiangazi na nyuzi za pamba, ambazo hunasa kwenye oili iliyovuja na kuziba mapezi.

Kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu huko Geita utaona njia nyingine: injini za dizeli za silinda moja zenye beseni la maji juu, yanayochemka mchana kutwa. Si ubovu. Kuipasha lita moja kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunachukua kilojuli 310 hivi. Kuigeuza yote kuwa mvuke kunachukua zaidi ya 2,200. Kilowati 4 zinakula lita tano na nusu hivi kwa saa, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuongeza maji.

Kwa treni ya watoto feni ya umeme ya volti 12, iliyotolewa kwenye gari bovu, inafaa zaidi. Ifungwe kwenye tundu la kutokea, ivute kwenda nje, na iachwe izunguke dakika tano baada ya injini kuzimwa. Flaiwili ikisimama, joto lililobaki kwenye chuma hukimbilia kwenye kabureta na kuigeuza petroli kuwa mvuke, na hapo ndipo injini hugoma kuwaka.