Fahamu: Chembe za fedha na dhahabu zinavyofichua molekuli
Mwaka 1928, mjini Kolkata, mwanafizikia C. V. Raman alionyesha kuwa mwanga ukigonga molekuli, sehemu ndogo mno hutawanyika ikiwa na rangi nyingine. Badiliko hilo huitambulisha molekuli kama alama ya kidole. Lakini mwanga huo uliobadilika ni hafifu: takriban fotoni (chembe ya mwanga) 1 tu kati ya milioni 10.

Mwaka 1974, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walipata ishara kali ajabu kutoka kwa molekuli za piridini zilizonata kwenye metali ya fedha yenye uso usio laini. Sababu ni kwamba mwanga wa leza huzitikisa elektroni za metali kwa pamoja, nazo hukuza mwanga, hasa katika nyufa za nanomita chache baina ya chembe za fedha au dhahabu. Humo ndimo molekuli inayotafutwa, kwa mfano protini, hunaswa ili itambuliwe. Ugumu halisi, kwa maoni yangu, uko pale molekuli hiyo inapotafutwa kwenye damu: molekuli nyingine tele hugombea nyufa hizohizo.