Kadi ya Michoro Iliyoboreshwa: Soma Jina Zima

Januari 2024 kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi ya michoro ya GeForce RTX 4070 Super kwa dola 599 za Marekani, bei ileile ambayo RTX 4070 ilizinduliwa nayo Aprili 2023. Viini vya kukokotoa viliongezwa kutoka 5,888 hadi 7,168; kumbukumbu ilibaki gigabaiti 12. Mshindani wake, AMD, tayari alikuwa akiuza Radeon RX 7800 XT yenye gigabaiti 16 kwa dola 499. Toleo la awali likashushwa hadi dola 549. Hapo ndipo mlaji aweza kuumia, kwani duka lenye shehena ya zamani laweza kuendelea kudai bei ya mwanzo, na majina yanatofautiana kwa neno moja tu. Tunamshauri ahakikishe neno hilo limeandikwa pia kwenye risiti.