Je, Harufu Yaweza Kutuliza Kichefuchefu?

Kwenye matatu za Kangemi kuelekea tauni hakosi abiria anayenusa limau ili asitapike. Je, harufu yaweza kumfaa pia aliyetoka kupasuliwa?

Yakadiriwa kuwa wagonjwa 30 kati ya 100 hupatwa na kichefuchefu au hutapika baada ya operesheni. Dawa za usingizi na za maumivu huamsha sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika. Wanawake, wasiovuta sigara na wale wanaotapika garini ndio hupatwa zaidi. Si mzaha jamani, kwani kutapika huvuta mishono na kuupunguzia mwili maji.

Mwaka 2018 wataalamu walichambua tafiti 16 za wagonjwa 1,036. Kilichotia fora si maua wala mafuta ya bei, bali spiriti ya isopropili, ile ya vile vipamba ambavyo muuguzi hutupangusia ngozi kabla ya sindano. Walioinusa walipata nafuu upesi kuliko waliopewa dawa za kawaida. Kuhusu mnanaa, ushahidi bado ni haba.

Basi ukienda Hospitali ya Kenyatta kumjulia hali jamaa yako, usimwage manukato wadini ovyo. Wa kitanda cha pili huenda ana pumu. Mwulize sista kwanza. Spiriti hiyo hunuswa tu, hainywewi ng'o! Naye mgonjwa asione haya kusema anahisi kutapika. Mficha maradhi, kifo humuumbua.