Barabara iliyoupisha mti

Mwezi Novemba mwaka 2020, mti mmoja wa Nairobi ulikuwa umekwisha kuhukumiwa. Ni mugumo wa eneo la Westlands, kando ya Barabara ya Waiyaki, wenye umri unaokadiriwa kuwa miaka mia moja na kimo cha jengo la ghorofa nne. Njia mpya ya magari ya kasi, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilikuwa ikijengwa na kampuni ya Kichina, na mti huo ulisimama pale ambapo ramani ilitaka kupita. Wakuu wa ujenzi walisema hautauawa. Utang'olewa, ukapandwe mahali pengine.

Maneno hayo yana sauti ya huruma, lakini anayeujua mugumo hawezi kuyapokea kwa wepesi. Mti huu mara nyingi hauanzii maisha yake ardhini. Ndege hula tunda lake na kudondosha mbegu kwenye panda ya mti mwingine. Mbegu huota huko juu, huteremsha mizizi myembamba kama kamba, na mizizi hiyo ikishaugusa udongo hunenepa, hushikana, ikawa ndiyo shina lenyewe. Mti uliompokea mgeni huyo aghalabu hufia ndani ya kumbatio lake. Mti mkubwa uliojengeka hivyo hauhamishwi kama mche wa mchungwa. Ni lazima kwanza ukatwe mizizi na matawi mengi, kisha watu wakae kusubiri kama utapona.

Mugumo ni wa ukoo mmoja na mtini, ambao Mwenyezi Mungu ameuapia katika Sura At-Tin. Kila tini ni kifuko kilichofumba maua ndani, na nyigu mdogo mno, mdogo kuliko punje ya mtama, ndiye aingiaye humo kuyachavusha. Matunda yake hayangoji msimu mmoja kama ya miti mingine, na kwa hiyo ndege na popo hukuta chakula pale wakati kwingine kumekauka.

Kwa Wakikuyu, mugumo ulikuwa mahali pa ibada na matambiko tangu enzi za mababu. Sisi Waislamu hatuuelekei mti kwa ibada, wala hapana haja ya kulificha hilo. Lakini sote twajua kwamba Sayyidna Abubakar (r.a.) alipoyaaga majeshi aliyausia yasikate miti yenye kuzaa. Ikiwa mti umewekewa heshima vitani, katika nchi ya adui, sijui mkandarasi wa wakati wa amani atatoa udhuru gani.

Tena heshima ile ya Wakikuyu ilikuwa na faida iliyoonekana kwa macho. Marehemu Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, amesimulia kuwa utotoni, huko Nyeri, mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na nyumbani. Jirani na mti huo palikuwa na kijito. Baada ya miaka alirudi akakuta mugumo umekatwa ili kupisha mashamba ya chai, na kijito kimekauka. Ndipo alipofahamu kuwa mizizi ile ilikuwa ikipenya mwambani hadi kwenye maji ya chini, na kuushika udongo wa mteremko usiporomoke. Bibi yule hakusomea elimu ya maji, lakini katazo lake liliilinda chemchemi.

Turudi Westlands. Watetezi wa mazingira waliandamana na kupaza sauti, mpaka Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri mti usiguswe. Aliyeitangaza ni Mohamed Badi, aliyekuwa akiliongoza jiji wakati huo, naye aliutaja mti huo kuwa urithi wa utamaduni na mazingira ya Kenya.

Wengi walishangilia, na walikuwa na haki. Hata hivyo, miti mingine katika njia hiyo hiyo ilikwisha kuanguka bila kutajwa, kwa kuwa haikuwa mikubwa wala haikuwa na hadithi. Amri ya rais haiwezi kungojwa kwa kila mti. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na wananchi wapewe muda wa kutoa maoni yao. Matangazo hayo huchapishwa magazetini, kurasa za ndani, kwa herufi ndogo ambazo wengi wetu huziruka. Mwenye kusoma huko hujua habari za msumeno kabla haujawashwa. Asiyesoma huja kuukuta mti umekwisha kupigwa alama.

Njia ya Nairobi ilifunguliwa kwa magari mwaka 2022, kwa malipo. Mugumo ulikuwa ungali umesimama kando yake.