Chango Hukaa Uani

Akina mama wengi wanaijua habari hii. Asubuhi moja mtoto akienda choo, mnyoo mrefu atoka, mweupe mwenye wekundu kidogo, aliyechongoka pande zote mbili. Mama ashtuka, ambeba mtoto mpaka dispensari, muuguzi ampa kidonge, na baada ya siku chache tumbo latulia. Jamaa yote yafurahi. Lakini baada ya miezi mitatu au minne mnyoo arudi. Hapo ndipo tusikiapo maneno: kwamba dawa za siku hizi hazina nguvu, kwamba mtoto amekula sukari mno, au kwamba chango huzaliwa pamoja na mtu ili amsaidie kusaga chakula.

Maneno hayo si ya kweli, na twapenda kuwaeleza wasomaji wetu sababu yake. Kidonge kilifanya kazi yake vizuri. Aliyerudi si mnyoo wa zamani: ni mwingine, naye alitoka uani.

Chango, ambaye wataalamu humwita askarisi, hukaa katika utumbo mwembamba. Jike aweza kufika urefu wa sentimeta 35, na kwa siku moja tu aweza kutaga mayai 200,000. Hata hivyo hakuna yai linaloanguliwa ndani ya tumbo alimokaa mama yake. Yote hutoka pamoja na mavi, na mayai yaliyotoka leo hayawezi kumwambukiza mtu. Sharti yakae udongoni majuma mawili, matatu au zaidi, penye unyevu na kivuli, hata kijidudu kikomae ndani ya ganda. Jambo hili latupasa kulishika sana. Mavi ya mtoto yakitupwa chooni siku ileile, hatari imekwisha. Yakiachwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba, basi baada ya mwezi mmoja hayaonekani tena, mvua imeyaosha, watoto wacheza mahali pale, na sasa ndipo udongo ule umekuwa na sumu. Ganda la yai ni nene, tena lanata. Hushika vidole, majani ya lengalenga, na embe lililoanguka. Laweza kungoja miaka. Vilima vya Kivu, vyenye mvua nyingi na udongo usiokauka, ni makao mema kwake.

Mtoto akila yai lililokomaa, kijidudu hutoka, hutoboa ukuta wa utumbo, huchukuliwa na damu mpaka ini, halafu mapafu. Hapo hupanda kooni, humezwa tena, na mwisho hukaa tumboni na kukua. Safari hii ilithibitishwa kwa namna ya kustaajabisha. Katika mwaka 1922 mganga Mjapani, Shimesu Koino, alimeza kwa makusudi mayai 2,000 ya chango. Akashikwa na ugonjwa wa mapafu, na vijidudu vikaonekana katika makohozi yake. Baadaye alikunywa dawa, akatoa minyoo 667. Hatumshauri mtu kumwiga! Lakini tangu hapo waganga wajua kwamba kikohozi cha mtoto chaweza kuwa mwanzo wa minyoo.

Minyoo michache hula chakula cha mtoto, naye hadhoofiki upesi. Hubaki mfupi, mchovu shuleni. Minyoo ikiwa mingi hujifunga pamoja kama kamba na kuziba utumbo. Mzazi akiona tumbo limevimba na kuwa gumu, mtoto atapika, wala hapati choo wala hatoi hewa, ampeleke hospitali siku hiyohiyo. Asimpe dawa ya kuharisha, wala dawa ya minyoo, wala asimtie dawa kwa njia ya nyuma, kwa maana utumbo uliozibwa waweza kupasuka.

Katika Korea ya Kusini, mwaka 1963, msichana wa miaka tisa aliletwa katika hospitali ya misioni mjini Jeonju. Waganga wakampasua, wakatoa minyoo 1,063. Msichana akafa. Wakati ule watu wa nchi ile walizoea kutia mavi ya watu katika bustani za mboga. Habari ya kifo kile iliwachoma moyo: mwaka 1964 wakaunda chama cha kupiga vita minyoo, mwaka 1966 ikatoka sheria, na wanafunzi wakapimwa mara mbili kila mwaka. Mwaka 1971 zaidi ya nusu ya watu waliopimwa walikuwa bado na chango. Mwaka 1997 hakupatikana hata mtu mmoja katika elfu. Vidonge vilisaidia, lakini pamoja navyo vyoo vilijengwa na bustani zikaacha kutiwa mavi.

Na nguruwe je? Yeye pia ana chango wake, ndugu wa karibu sana wa chango wetu, hata macho hayawezi kuwatofautisha. Katika Denmark na Uingereza, ambako chango wa watu karibu ametoweka, wataalamu waligundua watu walioambukizwa kutoka kwa nguruwe. Wasomaji wasichanganye jambo hili na tegu: chango hatoki katika nyama, hutoka katika mavi ya nguruwe. Mchinjaji akiona madoa meupe juu ya ini, hiyo ni njia waliyopita vijidudu, nayo ni onyo kwa mwenye zizi kwamba udongo wake umejaa mayai. Nguruwe huyo alikula muhogo mwingi na kunenepa kidogo.

Wakulima wa McLean, katika Illinois ya Marekani, walionyesha njia nzuri katika miaka ya 1920. Zizi lilisuguliwa kwa maji ya moto. Nguruwe jike aliyekaribia kuzaa alioshwa kwa sabuni, hasa matiti, kwa kuwa ndipo watoto wake hunyonya mayai pamoja na maziwa. Halafu wote walipelekwa mahali ambapo nguruwe hawakukaa kabla, wakabaki hapo mpaka wadogo wafikishe miezi minne. Mwenye nguruwe wawili tu aweza kufanya hivyo, akiwa na ndoo na ua wa miti. Nguruwe wazururao kati ya nyumba hawezi kuwafanyia lolote.

Samadi yao isitiwe bichi katika mboga. Irundikwe mbali na kisima, ifunikwe kwa majani, igeuzwe mara kwa mara mpaka ipate joto lisilovumilika kwa mkono, ya nje iingie ndani. Joto hilo ndilo liuwalo mayai. Kwa vidonge, mtoto asiyetimiza mwaka asipewe, mwenye mwaka mmoja hupewa albendazole nusu ya kiasi, na mama mwenye mimba angoje miezi mitatu ya kwanza ipite, kisha amwulize muuguzi.